Nirushie Zile Picha

Watu watano wanashuka kutoka Morningside, ile nyumba ya kale ya Wajerumani iliyo katika milima ya Uluguru juu ya mji wa Morogoro, na simu iliyopiga picha nzuri ni moja tu. Kabla hawajazifikia nyumba za kwanza za mjini, maombi yameshaanza: "Mwanangu, nirushie zile picha." Jibu huwa ni swali: "Bando lipo?" Bando limekata, au lipo lakini mtandao bondeni hapo unasuasua. Basi picha zinaahidiwa usiku. Usiku ukifika zinatumwa chache, tena hafifu kuliko zilivyoonekana mlimani, na zilizobaki husahaulika.

Kompyuta haipo, bando halipo, na simu mbili zimeachana hatua mbili. Kwa nini picha ipande mnarani, iende Dar es Salaam, pengine ivuke bahari, ndipo irudi kwa mtu aliyekaa kwenye jiwe lilelile? Hakuna sababu ya kisayansi. Ipo njia fupi, na picha ikipita njia hiyo hufika nzima. Mara nyingi ni ile ndefu inayoifikisha ikiwa imepunguzwa. Ili tuone kwa nini iko hivyo, tuanze na picha yenyewe: ikiwa ndani ya simu, ni kitu gani?

Nyuma ya lenzi kuna kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha. Juu yake vimepangwa vijumba vidogo mno, safu kwa safu, na kila kijumba kina kazi moja tu, kupokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme. Mwanga ukiwa mwingi, umeme unakuwa mwingi. Ukibonyeza kitufe, simu inapima umeme wa kila kijumba na kuuandika kama nambari. Kijumba chenyewe hakitambui rangi, kwa hiyo kila kimoja hufunikwa kichujio cha rangi moja. Mpango unaotumika katika simu nyingi ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, akapewa hataza mwaka 1976. Katika kila vijumba vinne, viwili hupokea kijani, kimoja nyekundu na kimoja buluu. Kijani kimezidishwa kwa sababu jicho la binadamu hutambua undani zaidi hapo kuliko katika rangi nyingine, na hilo si jambo dogo kwa mtu anayepiga picha msitu wa Uluguru.

Rangi mbili ambazo kijumba hakikuzipima, simu huzikadiria kwa kuangalia vijumba jirani. Mwishowe kila nukta ya picha, yaani kila pikseli, inakuwa na nambari tatu: nyekundu kiasi gani, kijani kiasi gani, buluu kiasi gani, kila moja kati ya 0 na 255. Nambari ya ukubwa huo huchukua baiti moja. Picha ya kawaida ya simu ina pikseli 4,000 kwa upana na 3,000 kwa urefu, jumla milioni 12. Zidisha mara tatu, unapata baiti milioni 36, yaani MB 36. (Simu nyingi za bei nafuu hutangazwa kuwa na kamera ya megapikseli 50. Fungua taarifa za picha uliyopiga nayo. Mara nyingi utakuta pikseli milioni 12 na kidogo, kwa sababu simu huunganisha vijumba vinne kuwa kimoja ili kikusanye mwanga wa kutosha.)

Kwa hiyo unapoomba urushiwe picha, unaomba usomewe orodha ndefu ya nambari. Hilo linabadilisha kabisa maana ya kunakili.

Enzi za mkanda, picha zilipelekwa studio zikasafishwe, na rafiki aliyetaka nakala alisubiri mrudi na negativu. Negativu ikipotea, fundi alipiga picha ya picha. Nakala ilitoka na ukungu kidogo, na nakala ya nakala ikawa mbaya zaidi. Kila hatua iliongeza dosari yake, na dosari ile haikuweza kuondolewa, kwa maana hakuna kipimo cha kusema kijivu hiki kilikuwa cha picha na kile kimeletwa na lenzi. Ni kama kusuka mkeka. Anayeiga nakshi kwa kuiangalia atapanua kidogo hapa na kubana kidogo pale, na atakayeiga kazi yake ataiga na makosa yake. Lakini anayepewa hesabu, miyaa mitatu myekundu, miwili myeupe, tena mitatu myekundu, atatoa nakshi ileile hata kama mkeka aliouona ulikuwa umechakaa.

Ndani ya simu hesabu hiyo huandikwa kwa alama mbili tu, 0 na 1. Tuseme kwa mfano kwamba 1 ni volti moja na 0 ni kukosekana kwa volti. Umeme unasafiri, unadhoofika, unafika ukiwa volti 0.8. Simu inayopokea haiandiki 0.8. Inajiuliza swali moja: hii imepita nusu au haijapita? Imepita, basi ni 1, na inaandika upya volti moja kamili. Dosari iliyopatikana njiani inaachwa njiani. Ndiyo maana nakala ya kumi, ikinakiliwa kutoka nakala ya tisa, haina tofauti yoyote na ya kwanza.

Itakuwaje dosari ikiwa kubwa kiasi cha kuvuka ile nusu, 1 ikasomeka 0? Angani hilo hutokea kila mara. Dawa yake ni hesabu ndogo inayosafiri pamoja na data. Tuseme natuma nambari 7, 2 na 9, na mwishoni naongeza jumla yake, 18. Wewe unapokea 7, 3, 9 na 18. Unajumlisha, unapata 19, unajua kuna kitu kimeharibika, unaomba nirudie. Hesabu inayotumiwa kweli ni ya werevu zaidi, kwa kuwa jumla ya kawaida isingegundua kwamba 7 na 2 zimebadilishana nafasi, lakini wazo ni hilohilo. Simu mbili zinazorushiana picha hufanya ukaguzi huu kwa kila fungu dogo la data. Kwa sababu hiyo picha ikimaliza kupita kwa Bluetooth huwa imefika kama ilivyotoka, baiti kwa baiti. Ikikatika njiani, haihesabiwi kuwa imefika.

Msomaji makini atauliza: kama nambari hazichakai, mbona picha zinazozunguka kwenye magrupu huchakaa? Hapo ndipo penye jambo lenyewe.

Fanya uchunguzi huu siku moja asubuhi, milima ikiwa imefunikwa. Kwa simu ileile, piga picha ya ukungu mtupu ulioficha kilele cha Lupanga, kisha geuka upige kichaka cha karibu chenye majani mengi. Fungua taarifa za kila picha uone ukubwa wa faili. Pikseli ni zilezile milioni 12, lakini picha ya majani itakuwa nzito zaidi, huenda mara mbili au tatu. Na zote mbili ziko mbali sana na zile MB 36 tulizokokotoa. Picha ya kawaida huwa na MB 3 hadi 6 hivi. MB nyingine zimekwenda wapi?

Zimebanwa. Simu huikata picha katika vipande vya mraba, pikseli 8 kwa 8. Picha yetu inatoa vipande 187,500. Katika kila kipande, badala ya kuorodhesha mwanga wa pikseli 64 moja moja, simu huandika mwanga wa wastani wa kipande chote, kisha huandika unabadilika kiasi gani polepole kutoka upande huu hadi ule, kiasi gani kwa haraka zaidi, na kuendelea hadi mabadiliko ya haraka kabisa. Bado ni nambari 64, lakini sasa zimepangwa kwa uzito. Hesabu hii ilibuniwa na Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India aliyekuwa akifundisha Marekani. Alianza kuifikiria mwaka 1972 na akaichapisha na wenzake wawili mwaka 1974. Kiwango cha JPEG, kilichokubaliwa mwaka 1992, kimejengwa juu yake.

Kipande cha ukungu kina wastani na basi. Nambari nyingine zote ziko karibu na sifuri. Kipande cha majani kina makali kila mahali, mwanga na kivuli vikipishana pikseli kwa pikseli, kwa hiyo nambari nyingi zina uzito. Hatua inayofuata ni kukadiria. Mabadiliko madogo ya haraka, ambayo jicho haliyatambui vizuri, hufanywa sifuri, na sifuri hamsini mfululizo huandikwa kwa ufupi, "sifuri mara hamsini". Rangi nazo hupunguzwa undani kuliko mwanga. Kamera hufanya haya mara moja, kwa kiasi, na hasara yake ni vigumu kuiona kwa macho. Faili linalozaliwa hapo ndilo picha yako ya asili. Ukilinakili mara elfu, halipungui tena.

Linapungua likifunguliwa, likabadilishwa na kubanwa upya. WhatsApp hufanya hivyo unapotuma picha kwa njia ya kawaida. Kwa muda mrefu kiwango chake kimekuwa kushusha upande mrefu hadi pikseli zipatazo 1,600. Picha ya 4,000 kwa 3,000 inakuwa 1,600 kwa 1,200, yaani pikseli 1,920,000, chini ya moja ya sita ya zile za mwanzo. Kisha inabanwa kwa nguvu zaidi kuliko ilivyobanwa na kamera. Rafiki akiihifadhi, akakata kingo, akaituma tena kutoka kwenye galari yake, vile vipande vya 8 kwa 8 vinaanza mahali pengine, na ukadiriaji mpya unaangukia juu ya wa zamani. Mistari ya mraba inayoonekana kwenye nyuso za watu katika picha zilizozunguka sana ni mipaka ya vipande hivyo.

Siilaumu WhatsApp kwa hilo. Inabana kwa sababu mtumaji na mpokeaji wote wanalipia MB, na kwa kioo cha simu pikseli 1,600 zinatosha kabisa. Hata kwa picha ya karatasi ya sentimeta 10 kwa 15 zinakaribia kutosha. Shida huanza pale mtu anapotaka picha ya kipaimara ya mwanawe isafishwe kwa ukubwa wa A4 itundikwe sebuleni. Karatasi ya A4 kwa ubora mzuri wa uchapaji inataka pikseli kama 3,500 kwa upande mrefu. Ukiipa 1,600 unapata nukta zisizofika 140 kwa kila inchi, na sura inalainika kama iliyopakwa mafuta. Mwenye steshenari hana la kufanya. Nambari zilizotupwa hazirudishwi na mashine yoyote. Programu zinazodai kuzirudisha hubuni nyingine za kufanana. Kama ni lazima ipite WhatsApp, tuma kama dokumenti, kwa kuwa hapo faili halifunguliwi. Chaguo la HD lililoongezwa Agosti 2023 linasaidia, ingawa nalo hubana.

Turudi kwenye lile jiwe, kwa wale marafiki wasio na bando.

Bluetooth ni redio. Ilianza mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson ya Uswidi, ambako mhandisi Mholanzi Jaap Haartsen alikuwa akitafuta namna ya kuunganisha vifaa bila waya, na mwaka 1998 makampuni kadhaa yakaungana kuifanya kiwango cha wote. Hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo wimbi lake lina urefu wa sentimeta 12 na nusu. Masafa hayo yako wazi kwa kila mtu bila leseni, kwa hiyo yamejaa: Wi-Fi imo, na spika zisizo na waya zimo. Ili isizibwe, Bluetooth imegawa eneo lake katika njia 79 na hurukaruka kati yake, hadi mara 1,600 kwa sekunde. Simu mbili zinaruka pamoja kwa mpangilio unaotokana na saa ya mojawapo. Njia moja ikikutwa na kelele, data ya hapo inarudiwa kwenye njia inayofuata. Unapothibitisha nambari sita zilizotokea kwenye simu zote mbili, unahakikisha kwamba unaongea na simu ya rafiki yako na si ya mtu mwingine aliye karibu.

Mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji, na maji huyameza mawimbi haya. Simu ikiwa mfuko wa nyuma na rafiki yuko mbele, kiuno chako ndicho kizuizi. Wekeni simu mbili juu ya begi, zikitazamana, muda utapungua.

Utapungua, lakini si sana. Kasi halisi ya Bluetooth kati ya simu ni kama biti milioni 2 kwa sekunde. Kila baiti ni biti nane, yaani alama nane za 0 au 1, basi picha ya MB 4 ni biti milioni 32, kwa hiyo sekunde 16. Picha 50 ni zaidi ya dakika 13, na huo ni muda wa kusubiri pikipiki.

Faida yake iko kwenye chaji. Bluetooth ya kiwango cha mita 10 hutoa nguvu ya miliwati 2.5 hivi. Simu hiyohiyo ikitafuta mnara uliozibwa na mgongo wa mlima hupandisha sauti yake hadi kikomo, na kikomo cha 4G ni miliwati 200, mara 80. Kwenye 2G ni kubwa zaidi. Ndiyo sababu simu iliyoondoka mjini na chaji imejaa hufika upande wa pili wa Uluguru ikiwa taabani, hata kama haikuguswa. Washa hali ya ndege, kisha washa Bluetooth peke yake. Simu itaacha kupiga kelele kwa mnara isiouona, na picha zitaendelea kupita.

Njia hii pia haitegemei kitu chochote nje ya simu mbili. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, SEACOM na EASSy, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ya Tanzania ikadorora. Siku zile picha ya kumpa jirani ilikuwa ngumu kutuma kwa sababu tu tumezoea kuipitisha mbali. Na tusidhani umbali wenyewe ndio unaochelewesha. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukata kilometa 10,000 kwa sehemu kama ya ishirini ya sekunde. Kinachochelewesha ni mlango mwembamba: mawimbi ya mnara mmoja yanayogawanwa na kila mtu aliye chini yake, au waya uliobaki ukibebeshwa mzigo wa ile iliyokatika.

Kwa picha nyingi, tumia Wi-Fi ya simu kwa simu. Hapa wengi hukosea, kwa sababu Wi-Fi tumeijua kama intaneti ya hotelini au chuoni. Wi-Fi ni redio tu, na intaneti ni kitu kimoja kati ya vingi vinavyoweza kupita juu yake. Simu moja inaweza kugeuka kituo, nyingine ikajiunga nayo, na data ikapita kati yao bila kugusa laini. Ndivyo zinavyofanya kazi Xender na SHAREit, na Quick Share iliyomo ndani ya simu za Android, ambayo kabla ya Januari 2024 Google iliiita Nearby Share. Mara nyingi Bluetooth hutumika kwanza, kwa simu kujuana, kisha Wi-Fi hubeba mzigo. Hata simu ya kawaida hufikia MB 10 kwa sekunde, na zile picha 50 zinakwisha kwa sekunde 20.

Bando haliliwi na picha hata chembe. Kinachokula bando ni matangazo yanayofunguka ndani ya programu hizo, kwa hiyo zima data kwanza. Kati yazo mimi napendelea iliyokuja na simu. SHAREit na Xender zilikuwa miongoni mwa programu 59 zilizofungiwa na India Juni 2020 kwa sababu zilizotajwa kuwa za usalama, na hata ukiliacha hilo kando, programu inayoomba ruhusa ya kusoma anwani zako zote ili ihamishe picha imeomba kupita kiasi. Mwenye iPhone huwa na kikwazo chake, kwa kuwa haipokei picha kwa Bluetooth ya kawaida kutoka Android, na AirDrop yake ilitengenezwa kwa ajili ya vifaa vya Apple. Kwa kundi lenye simu mchanganyiko, tafuteni programu inayoifanya simu moja kuwa kituo na kutoa anwani ambayo mwenzake ataifungua kwenye kivinjari. Bado ni redio ya hatua mbili.

Kisha kuna njia isiyotumia redio hata kidogo: memori kadi na flashi. Ndani yake kuna mabilioni ya vyumba vidogo vilivyozungukwa na kuta zisizopitisha umeme. Kuandika ni kusukuma elektroni ziingie, na kusoma ni kupima kama zimo. Umeme ukizimwa, elektroni zinabaki zimefungiwa. Mbinu hii ni kazi ya Fujio Masuoka wa Toshiba, miaka ya 1980. Simu nyingi za Android husoma flashi au kisoma kadi kwa kiunganishi cha OTG, simu ikitoa umeme badala ya kuupokea, na simu mbili zenye tundu la USB-C mara nyingi zinaweza kuunganishwa kwa waya mmoja, moja ikachaguliwa kuhamisha mafaili.

Chagua kunakili, usichague kuhamisha. Kuhamisha huandika upande wa pili kisha hufuta upande wa kwanza, na kadi ikichomolewa katikati unaweza kukosa kotekote. Angalia pia majina. Kamera nyingi huita picha zake kwa alama nne na tarakimu nne, kwa hiyo kamera mbili zinaweza kuwa na picha tofauti zenye jina IMG_0001. Ukiulizwa kama ubadilishe iliyopo, jibu ni hapana.

Kumpa mtu kadi yako kuna jambo jingine. Ukifuta picha kwenye kadi, kwa kawaida kinachofutwa ni orodha inayosema picha iko wapi. Elektroni zenyewe hubaki hadi kitu kipya kiandikwe juu yake, na programu za kufufua picha ni za bure. Anayeazima kadi yako kwa usiku mmoja anaweza kuziona hata zile ulizozifuta. Na kadi ya GB 128 inayouzwa mitaani kwa bei ya chakula cha mchana huenda ina GB 8 za kweli na kipande cha programu kinachodanganya. Inapokea kila kitu, inaandika juu ya vya zamani, na haisemi. Ijaze kabisa, kisha ufungue ulichoweka kwanza, cha katikati na cha mwisho. Vyote vikifunguka, ni kadi.

Zipo picha ambazo kuzipunguza ndiyo adabu. Tuseme mjomba yuko Mgeta na simu ya kitochi yenye Bluetooth. "Shikamoo mjomba, pokea hiyo." "Marahaba. Imeingia lakini haifunguki, inaniambia faili kubwa." Simu yake haikosei. Ili kuonyesha picha, simu hulifungua faili la MB 4 lirudi kuwa orodha kamili ya MB 36, na kumbukumbu ya kazi ya simu ndogo haina nafasi hiyo. Punguza picha iwe pikseli 640 kwa 480 kwanza. Orodha yake kamili haifiki MB 1, na kioo chake chenyewe kina pikseli chache kuliko hizo. Nakala kamili ibaki kwako au kwenye kadi yake.

Nakala kamili ina kitu kimoja zaidi cha kuangalia. Mwanzoni mwa faili, kabla ya pikseli, simu huandika tarehe, saa, aina ya kamera, na kama umeruhusu, latitudo na longitudo. WhatsApp inapobana picha huondoa nambari hizo za mahali. Bluetooth, Wi-Fi, kadi na dokumenti haziondoi chochote, maana zinanakili kwa uaminifu. Kwa picha ya marafiki Morningside haidhuru. Kwa picha ya nyumbani kwako, fikiri mara mbili. Na kwa picha ya kinyonga Kinyongia uluguruensis, asiyepatikana kwingine ila milima hii, nambari hizo humpeleka mfanyabiashara wa wanyama hadi mita chache kutoka kwenye mti wake. Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, na wanunuzi hawakuisha. Katika mipangilio ya kamera kuna kitufe cha kuzima mahali. Kwa picha iliyokwisha kupigwa, fungua taarifa zake kwenye galari na ufute eneo kabla ya kurusha. Simu isiyo na uwezo huo, piga skrinishoti ya picha na urushe hiyo. Itakuwa na pikseli chache, na katika hali hiyo ndivyo inavyotakiwa.